Zamu ya Upande wa Pugu

Kwa miezi michache ya maisha yangu, gari lililotaka kwenda Chanika lilikwenda pale nilipoliruhusu mimi. Hili nalisema taratibu, maana mimi si mtu wa kujisemea makubwa. Nilipokuwa shuleni mwalimu aliniuliza swali, jibu nikawa nalijua, na jibu likabaki mdomoni mpaka akamuuliza mwingine. Niliishia darasa la saba. Hata sasa naandika polepole, sentensi moja naikalia kama mtu anayechambua mchele. Lakini kipo kipande cha barabara kati ya Pugu na Chanika ambacho nilikiongoza kwa mkono wangu, na kila nikipita pale kifua kinajaa.

Walikuwa wanajenga kalavati. Maji ya mvua yalikuwa yameila barabara kwa chini, mkandarasi akaja akachimba nusu yake, nusu nyingine akaiacha ipitike. Hiyo iliyobaki ilitosha gari moja tu kwa upana. Tena kipande chenyewe kina kona yenye miti, kwa hiyo aliyesimama upande wa Pugu hamwoni aliyesimama upande wa Chanika. Mimi nilisimama Pugu. Chanika alisimama mama mmoja wa makamo, mcheshi, aliyevaa mtandio wake chini ya kofia ngumu ya kazi. Kila mmoja wetu alishika kibao chenye mti mrefu. Uso mmoja ulikuwa mwekundu, umeandikwa SIMAMA. Wa pili ulikuwa wa kijani, umeandikwa PITA.

Mwanzoni tulipewa redio mbili za kuongelea. Moja ikatumbukia kwenye zege bichi, na naamini mpaka leo imo ndani ya lile kalavati. Tangu hapo tukatumia kijiti. Kilikuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu. Nikimaliza kuachia magari ya upande wangu, dereva wa mwisho nampa kijiti na kumwambia ampe mama aliye kule mwisho. Mama akikipokea anajua njia ni tupu, anageuza kibao, na yeye gari lake la mwisho linanirudishia kijiti. Asiye na kijiti haachii gari hata liwe la nani. Madereva waliuzoea utaratibu huo upesi. Wapo waliokipokea kwa mikono miwili, wanyenyekevu kabisa, kama waliokabidhiwa mwenge.

Shida haikuwa kijiti. Shida ilikuwa foleni, na foleni ilikuwa na mipaka yake. Nyuma yangu, mwendo mfupi tu kuelekea Pugu, ipo njia panda ya sokoni. Mkia wa foleni yangu ukifika pale, magari ya sokoni yanakwama, yanayotoka Chanika yanakwama, na hakuna wa kumpisha mwenzake. Hilo lilikuwa linatokea karibu kila jioni.

Fomeni wetu alikuwa mzee wa bara, amejenga barabara tangu ujana wake. Agizo lake lilikuwa moja: "Kila upande kidogo kidogo. Mtu asikae." Lilisikika kama agizo la haki, nasi tukalifuata. Naachia magari machache, nageuza. Mama anaachia machache, anageuza. Kijiti kilikwenda na kurudi mpaka rangi ikaanza kubanduka, na foleni haikupungua. Wakati huo madereva walikuwa wananimaliza.

"Sista, sie tunaoza hapa."

"Kibao kimekuzidi uzito nini?"

"Ongea basi, tukutukane vizuri."

Sikuwajibu. Nilitazama mti wa kibao. Fomeni aliniona, na siku moja, mwanzoni mwa wiki, akasema mbele yangu kwamba pale panataka mtu wa sauti. Kijana alikuwa naye tayari, aliyewahi kuwa konda, ambaye sauti yake niliijua kabla sijaijua sura yake, kwa sababu alikuwa akiita abiria kituoni ukamsikia ukiwa nyumbani unafua.

Aliyeniokoa kwa muda alikuwa injinia. Alikuwa dada wa umri wa dada yangu mkubwa, kazi yake pale ilikuwa kuangalia magari yapite vipi wakati ujenzi unaendelea. Alikuja na kompyuta begani, akasimama nasi jioni nzima akitazama. Mwisho akamwendea fomeni.

"Shikamoo mzee. Nadhani ishu si sauti ya huyu binti. Ni urefu wa zamu."

"Zamu nimezipanga mimi."

"Najua, mzee. Naomba tujaribu nyingine kuanzia Jumatatu ijayo, na yeye abaki mpaka nimalize kupima. Nikibadilisha mtu na zamu kwa pamoja sitajua kipi kimesaidia."

Fomeni alifikiri. "Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Foleni ikifunga njia panda, hata iwe siku moja, namleta kijana wangu."

Kibao kile nilikipenda. Sijui kama wenye sauti wanaelewa. Nyumbani nikiomba chumvi mezani narudia mara mbili. Pale barabarani nilikuwa nageuza mti, lori la kokoto linasimama.

Injinia alitaka kujua magari yanakuja kwa kasi gani kila upande. Akanipa karatasi nipige mistari, nikamwambia ukweli kwamba mkono wangu wa kuandika hauwezi kuyawahi magari. Hakucheka. Aliniuliza ningewezaje, nikasema vizibo vya soda. Kwa muuza soda vilikuwa tele. Nikajaza mfuko wa kushoto, kila gari likija nahamishia kizibo kimoja mfuko wa kulia, na kila muda aliotaka anakuja kuvichukua. Mama wa upande wa pili naye akafanya hivyo hivyo, ila yeye alitumia punje za mahindi, na kuku wa jirani wakamharibia hesabu ya asubuhi moja. Ikabidi arudie.

Mchana injinia alinikuta nakula kwa mama ntilie, akavimwaga vile vizibo kwenye benchi.

"Mdogo wangu, hii ni barabara yako," akasema. Kidole chake kikachora mstari wa kalavati. "Hawa wamekuja wakati kibao chako ni chekundu. Wamejipanga. Sasa geuza kijani, waondoke."

Nikavisogeza kimoja kimoja. Yeye akaviongeza vingine nyuma, kwa mwendo ule magari yalivyokuja kweli. Kisha akanizuia mkono.

"Umegeuza. Huyu wa mwisho yuko katikati ya kalavati. Mama wa kule anaweza kuachia?"

"Hawezi. Kijiti hakijafika."

"Na wewe?"

"Mie nimeshafunga."

"Kwa hiyo muda huu ni wa nani?"

Nilitazama kile kizibo kimoja kilichokuwa kinavuka peke yake. Pande zote mbili zilikuwa zimesimama. Muda ule haukuwa wa Pugu wala wa Chanika. Na sisi, kwa kugeuza kidogo kidogo ili mtu asikae, tulikuwa tunautengeneza muda wa namna hiyo jioni nzima.

"Kwa hiyo turefushe," nikasema.

"Turefushe mpaka wapi?"

Nikarefusha pale benchini. Zamu ya Chanika ikawa ndefu, vizibo vyangu vikajipanga mpaka vikagonga sahani ya mama ntilie, ambayo injinia alikuwa amesema ndiyo njia panda. Nikaelewa bila kuambiwa. Ipo zamu fupi inayokula muda, na ipo ndefu inayofunga njia panda, na hesabu inatafuta iliyo kati. Asubuhi zamu ndefu ni ya Chanika kwa sababu watu wanakwenda mjini, jioni inageuka.

"Kumbe hii ndiyo modeli?" nilimuuliza, maana neno hilo alikuwa akilitumia na fomeni.

"Ndiyo hii. Kwenye kompyuta ni hivihivi, ila vizibo ni vingi na havianguki chini."

Nikamuuliza swali la pili, jambo ambalo kwangu halikuwa la kawaida. Je, wakija wengi ghafla?

Akachota konzi ya vizibo akaimwaga mwisho wa foleni. "Usibadilishe kitu. Zamu zako zina nafasi kidogo ya ziada. Kila zamu itakula wale wa kawaida pamoja na baadhi ya hawa. Endelea uone." Nikaendelea. Raundi ya kwanza vilibaki vingi. Iliyofuata vikapungua. Baadaye foleni ikarudi kama mwanzo, wala sikuwa nimefanya chochote zaidi ya kushika zamu. Injinia alipoondoka niliurudia mchezo ule peke yangu, mpaka mama ntilie akadai benchi lake.

Jumatatu tukaanza zamu mpya, napima kwa saa ya simu. Madereva walilalamika kuliko zamani, kwa kuwa kusimama kulikuwa kurefu. Lakini wakipita walipita wengi, na aliyekuwa mwisho hakusimama mara mbili. Jumatatu njia panda haikuziba. Jumanne haikuziba. Jumatano mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake umeuza pale tangu barabara ikiwa ya vumbi, aliniletea maji ya baridi na kusema wateja wake wanaweza kuingia tena. Nilijibu "ahsante" na nadhani alinisikia.

Alhamisi ukaja msiba.

Ilikuwa alasiri, magari ya watu wanaorudi nyumbani yameanza kuongezeka. Nilikuwa na kijiti, zamu yangu inakaribia kwisha, mara nikaona taa za hatari zinawaka na kuzima kutoka njia panda, na magari yote yanajisogeza pembeni. Mbele lilikuja gari lililobeba jeneza, na yaliyofuata yamefungwa matawi ya majani mbele. Msafara wa msiba haukatwi. Hilo halimo kwenye saa ya simu wala kwenye benchi, lakini kila mtu analijua. Nikaacha kibao kijani, nikasogea kwa gari la mbele. Kando ya dereva alikaa mzee wa kanzu.

"Shikamoo. Poleni sana na msiba. Mnazika wapi?"

"Marahaba, binti. Tumeshapoa. Tunampeleka shambani kwake, Chanika."

"Gari la mwisho ni lipi, nilipe kijiti?"

Mzee aligeuka nyuma, hakuona mwisho. "Wote wenye majani ni wetu," akasema.

Alilisema kwa nia njema, na dirisha lilikuwa wazi, na waliosimama pembeni walisikia. Magari yakaanza kupita, ya msiba kweli. Lakini nilipotupa macho nyuma nikaona madereva wa foleni wameshuka, wanavunja matawi kwenye ua wa nyumba ya jirani. Mwenye nyumba alikuwa kizingitini, anauliza nani kafa mpaka ua wake ulipe. Teksi ikajitia majani. Gari la kuku likajitia majani. Fuso la mchanga likaja na tawi la mwarobaini kwenye kioo, taa za hatari zinawaka kwa huzuni kubwa.

Nikaona hatari yake. Msafara ule haungekwisha. Kila lililopita na majani lilifundisha la nyuma yake, na mama wa upande wa pili angesubiri kijiti mpaka usiku. Ilibidi nikate, na wa kukatwa wasiwe wafiwa. Nikaenda mbele ya fuso, nikasimama, nikageuza kibao chekundu. Kisha nikasogea dirishani.

"Poleni na msiba."

"Ahsante, sista. Ndiyo dunia."

"Mnazika wapi?"

Dereva alimtazama utingo wake. Utingo alitazama mchanga. "Kinondoni," dereva akasema.

Kinondoni ilikuwa nyuma yake, upande wa mjini, alikotoka. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamesimama kando walisikia.

"Kinondoni kwa huku, braza? Mnazungukia Morogoro?"

"Mwacheni, marehemu hana haraka."

"Na huo mchanga ndio wa kufukia?"

Dereva mwenyewe alicheka, akang'oa tawi, akalitupa, akasogeza fuso pembeni. Nikaendelea na gari lililofuata, na lililofuata hilo. Kwa kila mmoja niliinama dirishani nikasema poleni, nikauliza mnazika wapi. Nilikuwa nasema kwa sauti yangu ileile ya siku zote, na kwa msiba ndiyo sauti inayotakiwa. Hakuna aliyeniambia niongeze. Teksi ilisema Temeke. Mwenye kuku alijisogeza mwenyewe pembeni kabla sijamaliza kuuliza. Mama mmoja kwenye gari dogo jeupe, macho yamemvimba, alinishika mkono akasema, "Shambani kwake, mwanangu," nikampisha mara moja. Nyuma kabisa nikaipata pikapu iliyobeba mabenchi na turubai na wanawake wenye masufuria. Hao nao walisema shambani kwake. Nikampa dereva wa pikapu kijiti, nikamwomba ampe mama kule mwisho. Aliposhika mwendo nilirudi mahali pangu.

Kijiti kilichukua muda kurudi, kwa sababu mama naye aliachia zamu yake yote. Aliyekileta alikuwa dereva wa hiace, akaja na habari.

"Mama anasema foleni ya kule haoni mwisho. Watu wameshuka wanakula miwa."

Fomeni alikuwa amefika, amekimbia kutoka kwenye zege, buti zimemjaa uji wa saruji. Habari ile aliisikia.

"Mrudishie kijiti," akaniambia. "Aendelee kuachia mpaka waishe. Kule watu wamekaa sana."

Zamu ilikuwa yangu. Nyuma yangu foleni ilikuwa imerefuka wakati wa msiba, na nilikuwa naiona ile ya benchini, vizibo vinavyosogea kuelekea sahani. Nilijua akinilazimisha nitatii, na nilijua njia panda ikiziba jioni hiyo kibao si changu tena. Nikasema.

"Hapana, mzee. Zamu ni ya huku."

"Unasemaje?"

Hakuwa amesikia. Nikarudia, nikaongeza. "Nikiwazuia hawa mpaka wa Chanika waishe, hawa watafika njia panda. Ikiziba, wa Chanika wenyewe watatokea wapi?"

Alinitazama. Kisha akapanda juu ya lundo la kokoto, akaweka mkono juu ya macho akitazama kule Pugu. Mkia wa foleni ulikuwa umebakiza nafasi ya magari machache tu kabla ya njia panda. Alikaa juu pale kitambo, akashuka.

"Achia," akasema.

Nikaachia. Zamu yangu ilipokwisha nikafunga, kijiti kikaenda, na hakuna upande niliouongezea hata dakika ya kuubembeleza. Fomeni alisimama karibu nami mikono nyuma. Kijiti kilikuwa kikirudi kila mara na salamu za mama. Kwanza dereva mmoja akasema, mama anasema sasa anauona mwisho. Akaja mwingine, mama anasema mwisho umefika kwenye kinyozi. Akaja bibi mmoja anayeendesha gari lake taratibu, akasema yule mwenzio amekaa juu ya ndoo, anauliza kama umekula. Jua lilikuwa bado halijazama. Njia panda ilikuwa wazi, na muuza mahindi wa pale analalamika kwamba magari hayasimami.

Injinia alifika wakati huo akitokea Mbezi Beach, alikokuwa na kikao. Fomeni ndiye aliyeanza kumweleza, akafika kwenye fuso akashindwa kwa kicheko, akanielekezea mimi. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mbele ya watu. Injinia alikaa kwenye jiwe, kompyuta mapajani, akawa ananiuliza: msiba ulipita muda gani, ulifunga lini, zamu ngapi mpaka mama akae kwenye ndoo. Aliandika huku mimi nasema, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anaufuata mwendo wangu.

"Msiba sikuuweka kwenye modeli," akasema. "Ngoja niuweke."

Akaugeuza uso wa kompyuta. Kulikuwa na mstari wa urefu wa foleni ya Chanika. Ulitambaa chini, ukapanda ghafla kama ukuta, kisha ukashuka kwa ngazi, ngazi moja kila zamu, mpaka ukalala tena. Akaweka kidole kileleni, akasema hapo ndipo pikapu ilipoondoka na kijiti. Akakishusha kwenye ngazi ya kwanza. "Na hapa ndipo ulipokataa." Akachora mstari mwingine wa jinsi ambavyo ingekuwa kama nisingekataa. Huo ulipanda, ukatoka juu ya kioo, haukurudi.

Fomeni aliinama akautazama muda mrefu. Aliniambia kesho niwahi.

Kesho yake, Ijumaa, niliwahi. Nikamkuta na yule kijana wa sauti, amevaa vesti mpya ya njano yenye mistari ya kung'aa. Nilishika kibao changu kwa mikono yote miwili na kusalimia.

"Marahaba," fomeni akasema. "Tunachimba kalavati la pili kule mbele, huyu atasimama kule. Leo ashinde na wewe. Mfundishe hizo zamu."

Kijana alinitazama, akatazama kibao. Nilimweleza kijiti, nikamweleza muda usio wa mtu, nikamwonyesha njia panda. Nilieleza polepole, kama ninavyofanya kila kitu, na injini za malori zilikuwa zinaunguruma, kwa hiyo ilimbidi ainame na kuleta sikio karibu. Alipotaka kukatisha nilimngoja anyamaze, kisha nikaendelea nilipoishia. Nikamkabidhi kibao ajaribu, uso mwekundu ukiwa mbele, nami nikashika simu yenye saa. Malori yalipiga honi. Dereva mmoja akauliza kama tumeoana au tunajenga barabara. Kijana akavuta pumzi ya kumjibu kwa sauti yake ile, nikatikisa kichwa, akaimeza.

"Mwalimu," akasema, nusu kwa utani, "niachie?"

Nikaitazama saa.

"Bado," nikasema, naye akasubiri.